Kumpeleka mama anayetumia kiti cha magurudumu mbugani

Mkazi wa Lanet:
Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alipatwa na kiharusi mwaka jana, na tangu hapo hutumia kiti cha magurudumu, ingawa anaweza kusimama kidogo akishikwa. Anapenda sana ndege. Mwezi wa Agosti tunakusudia kumpeleka katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, kisha mahali pengine upande wa magharibi ambapo ataweza kuwa nje ya gari, kwa maana amechoka kutazama kila kitu kupitia dirishani. Tuulize mambo gani kabla ya kulipa kiingilio?

Dereva wa Watalii:
Nakuru panafaa kwa kuanzia, kwa sababu humo hata mwenye miguu mizima hutakiwa kubaki garini isipokuwa katika sehemu zilizotengwa za kushukia, hivyo mama hatakosa wanachokipata wenzake. Shida ni gari lenyewe: la watalii lina sakafu ya juu, na kumpandisha mgonjwa huhitaji watu wawili, gari dogo la nyumbani ni rahisi kupanda, lakini nyasi zikirefuka aliyeketi chini haoni kitu. Ulizeni pia ni barabara zipi zinapitika, kwani maji ya ziwa yaliyopanda katika miaka ya 2010 yalifunika lango kuu la zamani pamoja na njia za ufukweni, na kuzunguka kwenye mashimo humtesa mtu mwenye upande mmoja dhaifu. Baboon Cliff, yaani jabali la kutazamia ziwa kutoka juu, mtafika kwa gari. Mkimshusha hapo, fungeni breki za kiti, na msimwekee chakula mapajani, maana nyani hawana adabu.

Mtumiaji wa Kiti, Kisumu:
Dada au kaka, mimi huanza na choo. Niliwahi kufika katika hifadhi moja, ambayo sitaitaja, nikapokelewa kwa heshima zote na kuoneshwa rampu mpya ya saruji, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, halafu nikakuta mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti changu. Nilikaa saa tano bila kunywa maji. Kwa hiyo, ukiambiwa kwa simu kwamba wana rampu, mwombe anayekujibu aende na futi ya kupimia apime mlango: chini ya sentimita 80 ni mashaka. Rampu nayo ina kipimo chake, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za urefu, la sivyo anayesukuma atachoka na anayesukumwa ataogopa. Usione haya kuuliza, kwani Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, wala hafanyiwi hisani.

Fundi Mbao, Kitale:
Huku kwetu kuna Saiwa Swamp, mbuga ndogo ya kilomita za mraba 3 hivi ambayo magari hayaingii, na watu hupita juu ya kinamasi kwenye njia za mbao wakimtafuta nzohe, mnyama wa jamii ya swala aishiye kinamasini. Ulizeni kwanza hali ya mbao, kwa kuwa unyevu huzioza. Mbao zinapaswa kulazwa kukingama njia, kwa sababu zikifuata urefu wake, magurudumu madogo ya mbele huzama katika nyufa. Majukwaa ya kutazamia hupandwa kwa ngazi, hivyo mama atabaki chini. Wanaojenga vizuizi vya pembeni husahau jambo jingine: ubao wa juu ukiwekwa usawa wa kifua cha aliyesimama, humziba macho aliyeketi. Mkikutana na mchanga au changarawe, geuzeni kiti mkivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie.

Mkazi wa Lanet:
Asanteni sana. Nimepima kiti cha mama sasa hivi, kina upana wa sentimita 66. Kesho asubuhi nitapiga simu, na nitaanza na choo.