Naomba ushauri: waziri mkuu akijiuzulu, serikali mpya inapata wapi uhalali?

Habari zenu wakuu. Nimekwama kidogo, naomba msaada wenu, hasa mliosoma sheria.

Nina mada ya kuwasilisha kwenye mdahalo: waziri mkuu wa nchi ya kibunge akijiuzulu katikati ya muhula, nani anaunda serikali bila uchaguzi mpya?

Nimelinganisha Uingereza na Italia, ndipo kichwa kikaanza kuuma. Uingereza, Liz Truss aliteuliwa na Malkia tarehe 6 Septemba 2022, na Rishi Sunak akateuliwa na Mfalme tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo. Bunge halikupiga kura ya kuwathibitisha. Ilitosha kuonekana wana wabunge wengi nyuma yao. Italia, waziri mkuu Giuseppe Conte alipojiuzulu Januari 2021, Rais Mattarella alimkabidhi Mario Draghi kazi ya kuunda serikali, ambaye hata mbunge hakuwa! Ila ibara ya 94 ya katiba yao inaitaka serikali ifike mbele ya mabaraza yote mawili ya bunge ndani ya siku 10 tangu iundwe, kuomba kura ya imani, yaani kura ya kuonyesha kwamba bunge linaiunga mkono. Mimi huu wa Italia ndio naukubali zaidi.

Katiba ya Italia nimeipitia. Ya Uingereza haiko kwenye waraka mmoja, kwa hiyo nahangaika na desturi tu.

Maswali yangu:
Serikali ya Italia ikishaapa lakini haijapigiwa kura ya imani, inaruhusiwa kuamua mambo gani?
Na Uingereza, watu wawili wakidai wana wabunge wengi, Mfalme anatumia kipimo gani?

Ukiweza, nitajie na kifungu.