Riwaya ya askari wa Keya kwa wanafunzi wa Gredi ya 8: vifo vielezwe kwa kiasi gani?

Mwalimu, Kisumu
Ndugu wasomaji, ninaandika riwaya fupi kuhusu kijana wa Nyanza aliyeingia Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nimefika pale kikosi chake kinapoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944, na kalamu imekwama. Nikieleza vifo waziwazi, nachelea kuwatisha watoto wa miaka 13. Nikivificha, vita itageuka matembezi. Mngependa mtoto wenu asome nini hapo?

Mzazi, Nakuru
Mwalimu, ningependa asome matope. Askari hao walisonga kutoka mji wa Tamu hadi mji wa Kalewa, huko Burma, katika msimu wa mvua kubwa, njia zikiwa zimeharibika kiasi kwamba chakula na risasi vilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Malaria iliwaangusha wengi, ingawa walipewa vidonge vya mepakrini vya kuikinga. Mtoto wa kwetu anaijua homa hiyo na anaijua barabara ya udongo mwezi wa Aprili, kwa hiyo ataielewa taabu yao bila kuhesabiwa maiti. Kifo kimoja kinatosha, mradi kiwe cha mtu ambaye msomaji amemzoea na kumpenda tangu sura ya kwanza.

Mhariri wa vitabu vya watoto, Kakamega
Kuhusu matope nakubaliana na mzazi mwenzangu, lakini kifo kimoja kitawapunja waliokufa. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wakati huo Divisheni ya 11 ilikuwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na bado haijaingia Burma. Basi habari hiyo inaweza kumfikia kijana wako kambini, naye akajua kwamba mtu wa kijijini kwao alikuwa ndani ya meli. Hapo hutahitaji kuonesha damu hata tone.

Jambo ninalokusihi usilikwepe ni lingine. Maofisa walikuwa Wazungu, na askari Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mzungu aliyekuwa naye katika mvua ileile. Watoto wa umri huo huuliza juu ya haki kabla ya jambo lolote, na kitabu kisichowajibu watakiweka kando.

Mwalimu, Kisumu
Nashukuru sana. Habari ya meli nitaiingiza kabla ya Kabaw, kupitia kwa binamu yake aliyekuwa katika kikosi cha mizinga. Kuhusu malipo, rasimu yangu ina sentensi moja tu. Nitaipa mandhari yake kamili, siku ya mshahara, askari wakiwa wamepanga foleni na kijana wangu akiona kiasi anachopewa sajini Mzungu.