Nimepewa drasha (mahubiri) ya Tazria-Metzora, na tunaye dada mwenye mbalanga. Nishaurini

Mlimani_Shalom
Shalom wapendwa. Sisi ni kikundi kidogo cha Wayahudi, familia chache tu, nyanda za juu hapa Kenya. Rabi wa kukaa nasi hatuna, kwa hivyo drasha ya Shabati, Sabato yetu ya Jumamosi, tunapokezana. Zamu yangu imeangukia Tazria-Metzora, zile sura za Mambo ya Walawi 12 hadi 15 ambazo kila mtu huzikimbia: uzazi, mapigo ya ngozi, ya nguo, ya kuta za nyumba, kutokwa na majimaji mwilini. Aliyepanga zamu alicheka akiandika jina langu.

Ugumu wa sura si hoja. Tunaye dada ambaye mbalanga imempanda usoni na mikononi tangu mwaka jana. Na kila mwaka anayepewa parasha hii (fungu la Torati la wiki) hupita njia ileile: Miriamu alimsema Musa ndugu yake, akawa mweupe kama theluji, basi ulimi mbaya huleta pigo, tuache masengenyo, amen. Ni mafundisho ya wazee wetu wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, siyakatai. Ila mwaka huu nikisimama kuyasema hayo, macho yote yatamgeukia yeye. Minong'ono tayari ipo. Juzi kwenye kidushi, ile baraka na vitafunio baada ya ibada, namimina juisi ya zabibu, nikasikia mama mmoja akiuliza, "Kwani huyu alimsema nani?" Wenzake wakacheka.

Nikwepe habari za ngozi niseme juu ya haftara, somo la Manabii linalofuata la Torati? Nimwambie mapema? Au nimwachie mtu mwingine hiyo zamu?

Bat_Nairobi
Usiachie. Atakayeipokea atarudia yaleyale ya Miriamu, na wewe utakuwa umekaa hapo unasikiliza.

Fungua kitabu cha Talmudi kiitwacho Bava Metzia, 58b. Pale Talmudi inahesabu njia za kumdhulumu mtu kwa maneno, na mojawapo ni kumwendea mgonjwa au aliyezika watoto wake ukamwambia kama rafiki za Ayubu walivyomwambia: ni nani aliyeangamia akiwa hana hatia? Ni Talmudi hiyohiyo ambayo katika kitabu chake kingine, Arakhin 15b, inafungamanisha mapigo na ulimi mbaya. Kwa hiyo fundisho la Arakhin ni la mtu kujipima mwenyewe chumbani kwake. Ukilichukua ukampimia jirani, umeshavunja la Bava Metzia. Na ukurasa huohuo unasema anayemwaibisha mwenzake mbele za watu ni kama amemwaga damu.

Drasha unayo tayari hapo.

NesiZamuYaUsiku
Mimi si Myahudi, nimevutwa na kichwa cha habari. Naomba tu wenzako waelezwe: mbalanga haiambukizi na haihusiani na ukoma. Kinga ya mwili inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, basi. Ukoma ni bakteria, na siku hizi unatibika kwa dawa za bure za miezi 6 au 12. Na hili la pigo la ukuta limenichekesha. Hakuna hospitali duniani inayolaza ukuta, kwa hiyo hata sura zenyewe hazizungumzii ugonjwa ninaoujua mimi.

MzeeWaMbale
Shalom mwanangu. Niko huku Mbale, Kiswahili changu mtakisamehe, sisi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, drasha tumezoea kuitoa kwa Luganda.

Nesi amegusa penyewe. Mwangalie kuhani anavyofanya kazi. Mtu anakwenda kwake, haambiwi hapohapo. Anatengwa siku 7, anaangaliwa tena, pengine siku 7 nyingine. Sura ya 14, mwenye nyumba haruhusiwi kusema "nina pigo," anasema "naona *kama* pigo." Na kuhani kabla hajaingia anaamuru vyombo vyote vitolewe nje, kwa sababu akishatamka, vilivyomo ndani vyote vimekuwa najisi. Sufuria ya maskini inaokolewa kwanza! Mishna, sheria za marabi wa kale, katika kitabu chake cha Negaim (mapigo), inaongeza: bwana harusi haangaliwi mpaka siku zake 7 za sherehe ziishe. Pigo liko mwilini, kila mtu analiona, lakini bila neno la kuhani mtu huyo ni safi. Na Walawi 13:13, aliyeenea weupe mwili mzima anatangazwa safi.

Basi Torati inayotumiwa kumnyooshea mtu kidole ndiyo inayomfunga mdomo hata mwenye mamlaka. Je, sisi tusio makuhani, wenye kikombe cha juisi mkononi?

Kalamu7
Mnalainisha mno. Imeandikwa akae peke yake nje ya kambi. Kumbukumbu la Torati 24:9 inaamuru tukumbuke yaliyompata Miriamu. Ukiondoa hofu, hao wasengenyaji wataacha lini?

Bat_Nairobi
@Kalamu7 tukumbuke, ndiyo, ila tukumbuke yote. Hesabu 12: waliomsema Musa walikuwa wawili, Miriamu na Haruni. Musa aliyesemwa ndiye aliyemwombea dada yake, na taifa zima halikung'oa hema mpaka aliporudishwa. Na hofu hiyo unayoitaka, naona kwenye kutaniko hili inampata asiyehusika. Wanaosengenya wanacheka.

Kalamu7
Hapo pa kucheka nimekuelewa. Lakini drasha isipowagusa wao ni bure.

Madoa_Yangu
Nina mbalanga, niko Mombasa, Mwislamu, tangu darasa la sita. Nimeona mnajadili huyo dada kama hayupo, acha niseme.

Usimtaje. Hata kwa uzuri. Ukisema "kama dada yetu hapa," umemmaliza. Usimtazame ukifika kwenye neno ngozi, na usikwepe kumtazama pia, maana hilo tunalijua haraka kuliko mnavyofikiri. Kumwendea na "nitakutetea" ni mzigo mwingine, itabidi akushukuru. Ukimpata kwa jambo jingine, dondoa tu kwamba zamu ni yako na sura ni hizo. Anazijua. Aje au asije ni lake.

Na huyo mama wa kidushi aambiwe peke yake, si mimbarini.

Mlimani_Shalom
Asanteni sana. @Madoa_Yangu, nilikuwa nimepanga kwenda kwake kesho na "nitakutetea" hiyohiyo. Nimeiacha. Tunakutana sokoni Alhamisi, nitataja zamu yangu tukiwa tunachagua viazi.

Nitaanzia kwenye nyumba na vyombo, kisha kuhani anayesubiri, kisha Bava Metzia. Miriamu nitamtaja mwishoni, na watu waliokataa kuondoka bila yeye.

Limebaki moja. Yule mama wa kidushi ni shangazi yangu, dada ya baba.

MzeeWaMbale
Aa! Negaim 2:5, mtu huangalia mapigo yote isipokuwa yake mwenyewe. Rabi Meir akaongeza: wala ya jamaa zake. Mtafute mama mwingine wa rika lake aongee naye. Wewe akikusikia atasema umekua juzi.

Bat_Nairobi
Mzee yuko sahihi. Na chapisha karatasi yako Ijumaa mchana, usitegemee simu, Shabati hutaifungua. Dakika 10 zitoshe. Mkiwa mnaiweka baada ya haftara kabla ya Musafu, ile sala ya nyongeza, watoto huwa wameshaanza kuulizia mandazi.

Mlimani_Shalom
Kwetu ni chapati. Shangazi ndiye huzipika.