Bunduki ya .22 imeanza kutawanya risasi: nianzie wapi?

Mlengaji_Malindi
Salaam aleikum wana shabaha. Nina bunduki ya .22 (kipimo cha risasi ndogo, kama inchi 0.22) ya bolti, yaani ya kufungua na kufunga kwa mkono, kitako cha mbao, mtutu mwembamba wenye nyuzi za skrubu mdomoni na kifuniko chake. Cheti ninacho, na hulenga kwenye uwanja ulioidhinishwa, mita 50, juu ya mifuko ya mchanga. Zamani matundu matano yalikaa ndani ya sentimita 2. Sasa yanafika 6. Mara nyingi manne hukaa pamoja, la tano likaruka juu kulia. Risasi ninazotumia sasa ni za kasi kubwa, boksi linasema mita 380 kwa sekunde. Kabla ya hapo nilitumia za kasi ya kawaida, ila dukani zimekwisha. Darubini haijaguswa, na mtutu nausafisha kila nikimaliza. Je, mtutu umekwisha au kuna jingine?

FundiMtutu
Wa aleikum salaam. Mtutu wa .22 hauishi kirahisi. Kichwa cha risasi ni madini laini yaliyopakwa nta au grisi, baruti yenyewe kidogo, na mtutu ukitunzwa hupiga makumi ya maelfu. Usiwaze kununua mwingine.

Umetaja mwenyewe mambo mawili ya kuangaliwa kwanza: umebadili risasi, na unasafisha kila mara.

Kwenye joto la Malindi, tuseme nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Risasi inayotoka na 380 hupungua kasi njiani na kushuka chini ya mwendo wa sauti karibu na hapo shabaha yako ilipo. Wakati wa kuvuka huko hewa huitikisa, na inayoyumba kidogo huyumba zaidi. Ile ya kasi ya kawaida hutoka na 325 au 330 hivi, haivuki chochote, ndiyo maana walengaji wa mashindano huishikilia.

Halafu usafi. Ile nta hubaki ndani ya mtutu ikawa utando mwembamba, na risasi zinazofuata hupita juu yake. Ukiupiga mswaki kila siku unauondoa, na za mwanzo huenda kokote. Ukibadili aina ya risasi ni vivyo hivyo, maana nta ya kiwanda hiki si ya kile. Piga 20 hadi 30 bila kuhesabu, ndipo uanze kupima.

Kuhusu lile tundu la tano, andika namba ya kila risasi kwenye karatasi ya pili kadiri unavyopiga. Kama linaloruka ni la kwanza siku zote, ni mafuta au ubaridi wa mtutu. Kama ni lolote tu, shuku risasi zenyewe: unene wa ukingo wa ganda, pale pini inapogonga, haulingani. Nunua aina tatu, boksi la 50 kila moja, utazame na namba ya toleo ubavuni mwa boksi, kwani toleo moja na jingine la jina lile lile huweza kutofautiana sana. Upime makundi matano ya risasi tano, uchukue wastani. Kundi moja zuri halina ushahidi.

MwanaShela
Aliyosema Fundi ni kweli, lakini sisi wa pwani tuna adui mwingine: unyevu na chumvi. Kitako cha mbao hunywa unyevu kikavimba, kikaugusa mtutu upande mmoja. Toa magazini, toa bolti, tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa jicho kisha uiguse kwa kidole. Baada ya hapo pitisha ukanda wa karatasi kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Ikikwama kabla ya kufika karibu na chemba, paguse kwa msasa laini ubaoni tu, kidogo kidogo, kisha upake vanishi ili pasinywe tena. Mbao mbichi ukiiacha wazi, msimu wa mvua tatizo litarudi.

Skrubu za kitako nazo hulegea mbao inapokauka na kunywea. Tumia bisibisi ya kupimia mkazo: nyutoni-mita 2 hadi 2.5 zinatosha bunduki nyingi za aina hii, ila kijitabu cha kiwanda kikitaja kipimo, kifuate hicho. Ukikaza kwa nguvu za mkono tu unaibana mbao, na kila ukifungua na kufunga bunduki inakuwa mpya.

Kuhusu darubini, kutoguswa si kutolegea. Skrubu za pete zinazoshika darubini ni kama nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Zile za chini zinazoshika reli juu ya bunduki ndizo husahaulika, kwa sababu hazionekani mpaka uiondoe darubini. Futa mafuta, weka tone la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea, kaza.

Na kile kifuniko cha mdomoni, bwana, kikaze au ukitoe kabisa ujaribu. Kikicheza, mtetemo wa mtutu haufanani risasi hadi risasi. Ukikitoa, pitisha pamba ya masikioni pole pole kwenye ukingo wa mdomo kutoka ndani kwenda nje. Ikinasa nyuzi za pamba mahali pamoja, pana kovu au kutu, na hapo ni kazi ya fundi mwenye leseni, si tupa ya nyumbani.

Mlengaji_Malindi
Ahsanteni sana. Karatasi imekwama upande wa kushoto, karibu na ncha ya mbao, na kifuniko kilikuwa kinazunguka kwa vidole. Narudi na majibu ya risasi baadaye. Kuna ndugu yangu yuko Uingereza ana tatizo hili hili, ila ya kwake ina sailensa (kifaa cha kupunguza mlio). Anahangaika sana. Nimwambie nini?

Mwamu_Ughaibuni
Huku Uingereza sailensa kwenye .22 ni kitu cha kawaida, na Finland pia. Mwambie aitoe, afunge kifuniko, apige makundi matano. Yakikusanyika, kosa liko kwenye sailensa. Yasipokusanyika, afuate maneno ya hao wawili hapo juu.

Atenganishe vitu viwili. Kundi zima kuhama, sanasana kwenda chini, ni kawaida, kwa sababu uzito mdomoni hubadili mtetemo wa mtutu. Arekebishe darubini basi. Kundi kutawanyika ndilo tatizo. Mara nyingi imelegea, kwani .22 hupigwa nyingi kwa haraka na nyuzi hujifungua zenyewe. Aikaze kwa mkono kila magazini mpya, bunduki ikiwa haina risasi. Afute pia bega la mtutu pale sailensa inapokalia. Masizi kidogo hapo huipinda.

Bolti ikiwa nje, fundi apitishe ufito mnyoofu wa kupimia ndani ya mtutu hadi utokeze, aone kama uko katikati ya tundu la mbele. Akiona alama ya kung'aa au madini yamepakaa upande mmoja wa tundu hilo, asipige tena hata moja. Risasi inagusa kuta.

La mwisho ni uchafu. Sailensa ya .22 hujaa madini na masizi haraka. Aipime kwenye mizani ya jikoni ikiwa safi, aandike gramu, apime tena kila baada ya risasi mia kadhaa. Wengine watamshauri kuiloweka kwenye siki iliyochanganywa na peroksaidi. Asithubutu! Mchanganyiko huo hutengeneza sumu ya madini ya risasi (lead) inayopenya ngozi, na aluminiamu huliwa. Atumie dawa ya kusafishia mtutu, brashi na glavu, kisha anawe kabla ya kula.

FundiMtutu
Naongeza moja kwa Malindi. Nilisema usisafishe sana, lakini mbele ya chemba hujijenga pete ngumu ya masizi, na hiyo lazima itoke. Dalili yake ni risasi kuingia kwa kusukumwa. Loweka dawa dakika 15 hapo tu, sugua kwa brashi ya shaba nyeusi ukitokea nyuma, vitambaa viwili vikavu, basi. Mtutu uliobaki uache, isipokuwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuiweka kabatini kwa ajili ya chumvi, na kikavu kabla ya kupiga.

Na upime asubuhi, kusi haijapanda. Upepo wa kilomita 16 kwa saa kutoka ubavuni huisukuma .22 kama sentimita 2.5 hadi 3 kwenye mita 50. Funga utepe mwepesi kwenye kijiti mita 25 mbele yako, na upige utepe ukiwa umelala vile vile kila mara.