Shimo la Mungu Newala: elfu tano kila kichwa, risiti hamna, hii imekaaje?

Wadau, nimerudi jana toka Newala na mpaka sasa nina hasira, mnivumilie.

Mamkubwa wangu kwao ni ng'ambo, Msumbiji, upande wa Mueda, alivushwa Ruvuma akiwa mgongoni kwa mama yake kipindi cha vita ya kumtoa Mreno ile iliyoanza 1964. Siku nyingi anasema anataka asimame pale juu Shimo la Mungu, kwenye ukingo unaotazama bonde la Ruvuma, aangalie kwao. Basi nikakodi noah hapa Masasi, mimi, yeye na wanangu wawili, tukatoka alfajiri, tumefika ukungu umejaa kila mahali.

Hata hatujashuka vizuri wakaja vijana wawili, elfu tano kila mtu mpaka watoto. Naomba risiti, hamna. Kontrol namba ya kulipia serikalini? Wakacheka. Kitambulisho hamna. Nikatoa elfu ishirini maana mamkubwa keshatangulia na fimbo yake na sikutaka siku yake iharibike kwa kelele.

Sasa hela yenyewe inafanya kazi gani? Choo tumeenda kuomba nyumba ya watu. Mamkubwa kakalia ndoo ya dereva. Na pale ukingoni tuliposimama hapana hata kamba jamani, wakati nyanda yote ya Makonde inakatikia hapo inaporomoka mpaka bonde la Ruvuma, mwanangu mdogo wa miaka sita kakimbia kuchungulia nimemdaka shati, mikono ilinitetemeka mpaka tunaondoka.

Halafu mwanangu mkubwa akamuuliza kijana mmoja wa wale ng'ambo kule ni wapi, anajibiwa "Msumbiji tu." Tu! Mreno kavuka mto huo huo 1916 akaishika Newala, hata miezi miwili hakumaliza Mjerumani akamfurusha. Wamakonde tuko pande zote mbili. Na Mueda ndo pale Wareno walipowamiminia watu risasi tarehe 16 Juni 1960. Yote hayo wanangu wameelezwa na bibi yao, kwenye ndoo, ukungu ulipoachia tukaona mchanga wa mto unang'aa kule chini, akaacha kuongea kabisa.

Nauliza kwa wanaojua: ada halali ipo au haipo? Kama ipo ni shingapi na inalipiwa ofisi gani? Aliyewahi kupewa risiti pale aiweke hapa tuione. Mamkubwa anataka kurudi Disemba na dada yake, na wale vijana safari hii siwapi hata mia.