Mizinga 11 kati ya 24 imebaki mitupu: nyuki wangu wanaumwa?

BintiSikonge: Habari za jioni ndugu zangu wafugaji. Niko Sikonge, Tabora. Nina mizinga 24 ya masanduku, ile ya viunzi vya kushikia masega, nimeitundika porini kwenye miti ya miyombo. Juni tulirina asali vizuri mno. Jana, baada ya miezi mitatu, nimekwenda kukagua manzuki, yaani pale ilipo mizinga, nikakuta 11 ni mitupu.

Mzinga namba 7 ndio ulioniliza. Ulikuwa na kundi kali kuliko yote, hata kuusogelea ilikuwa kazi. Nimekuta vipande viwili vya sega jeusi vimefungwa na utando kama wa buibui, viwavi weupe wanatambaa humo. Nilipogusa, sega likaniporomokea mkononi. Muuza dawa mmoja anasema ni utitiri wa varoa na nyuki wote wameambukizwa. Ninunue dawa kabla hawajaisha hawa wa mizinga 13 iliyobaki?

Mrinaji wa Zamani: Pole sana binti yangu. Usitoe hela kwanza. Nijibu mawili. Chini ya mizinga kulikuwa na nyuki waliokufa, hasa wenye ulimi uliotoka nje? Huko mnalima tumbaku, dawa ya shambani huua hivyo. La pili, Juni uliacha masega mangapi?

BintiSikonge: Shikamoo mzee. Waliokufa hakuna, hata mmoja. Masega hatukuacha. Mnunuzi alikuwa anasubiri ndoo, tukakata yote, vikabaki vipande tu. Yenye majana, wale watoto wa nyuki, tuliyaweka pembeni kwenye nyasi.

Mrinaji wa Zamani: Marahaba. Basi nyuki wako hawakufa, wamehama. Umewachukulia chakula na watoto kwa siku moja, halafu ukaja ukame wa Julai na Agosti, maua hakuna, maji yamekauka. Nyuki wetu hawang'ang'anii nyumba yenye njaa kama wale wa Ulaya. Wanaondoka.

Huo utando ni wa nondo wa nta. Yeye hakuwafukuza, kaingia kwa sababu masega hayakuwa na wa kuyalinda. Kundi lenye nguvu humtoa kiwavi nje mara tu linapomwona. Varoa nayo ipo nchini, sikatai, lakini nyuki wetu wanaishi nayo bila dawa. Ukiweka dawa, unaichafua nta na asali yako bure.

Mimi siondoi sega lenye majana, hata mnunuzi aniite majina. Na asali naacha masega sita au saba kila mzinga. Kuna wakati mke wangu alinilaumu kwamba nawalisha wadudu ada ya shule. Msimu uliofuata alihesabu mwenyewe mizinga iliyobaki na nyuki.

Nyuki_Singida: Naongezea maji, dada. Weka beseni karibu na manzuki, utie vijiti wapate pa kutua. Pia paka grisi kwenye waya za kutundikia. Siafu wakipata njia usiku mmoja tu, kundi linakimbia hata kama asali imejaa.

Mrinaji wa Zamani: Kweli kabisa. Binti, hawa 13 usiwafungue ovyo. Kaa pembeni asubuhi uangalie milango. Nyuki wakiingia na chavua miguuni, ndani kuna majana, wametulia. Wasiobeba kitu ndio wa kuwaangalia, huenda nao wanajiandaa kuondoka.

BintiSikonge: Nimerudi kutoka porini. Nilikaa tangu saa moja asubuhi. Mizinga tisa wanaingiza chavua, ya njano nyingi na nyingine nyeupe. Minne hawabebi kitu. Beseni nimeshaweka. Namba 7 nimeukwangua wote. Viwavi walikuwa wametoboa hadi mbao, vishimo vimelala kama mitumbwi midogo. Nimepitisha moto ndani, nikapaka nta mpya kwenye viunzi. Niurudishe palepale? Jua la saa nane linaupiga ubavuni.

Mrinaji wa Zamani: Usirudishe palepale. Tafuta mti wenye kivuli cha mchana, uutundike wiki hii. Miti ya mitundu ikianza kuchanua makundi yatakuwa yanatafuta nyumba.