Jogging ya mtaani baada ya saratani ya titi: niingie au nisubiri?

MamaWaTandika: Habarini wapendwa. Nina miaka 43. Nilikatwa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, nikamaliza dripu za dawa ya saratani na mionzi mwaka jana. Namshukuru Mungu, sasa ni kliniki tu. Zamani nilicheza netiboli timu ya kazini, namba GS, yaani mfungaji, hadi SHIMIWI, michezo ya wizara na idara za serikali, nimefika. Kinamama wa mtaani wana jogging kila Jumapili alfajiri, nyimbo juu, na karibuni wana bonanza. Wananiita. Mama yangu hataki hata kusikia, anasema mkono utavimba. Mimi ninachoogopa zaidi ni pole. Nikitokea tu watu wanashusha sauti kama wako msibani. Kikundi cha wagonjwa nimejaribu, watu wazuri, ila maongezi yote ni vipimo. Nataka mahali pa kutaniwa. Niingie?

Msafwa_halisi: Ingia dada. Hiyo hofu ya mama, hata madaktari walikuwa nayo. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, akawapandisha mtumbwi mrefu wa mashindano wapige makasia, aone kama mikono itavimba. Hakuna aliyepata uvimbe mpya. Wenyewe wakanogewa, na leo timu za namna hiyo zipo nchi nyingi.

FizioMbagala: Sawa mkuu, ila wale walifanyishwa mazoezi ya taratibu kwanza kabla ya kushika kasia. Dada, muulize daktari wako kuhusu moyo, maana baadhi ya dripu huugusa. Akikuruhusu, anza kwa kutembea nyuma ya kundi, halafu changanya na kukimbia. Bonanza hizo nazijua, lazima kuna kuvuta kamba. Kamba USIGUSE kwa sasa. Pete ikianza kubana au mkono ukiwa mzito, rudi kliniki. Ukiwa mwekundu na wa moto, nenda siku hiyohiyo.

BabaJezi: Mkono utapona, jiandae na michango! Jezi, harusi, msiba, arobaini. Ila ukikosa Jumapili mbili, wanakuja kukugongea mlango.

Zuhura_K: Nimepita humo humo. Mwambie mwenyekiti na mmoja unayemwamini, basi. Mimi niliwatangazia wote, pole zikageuka umbea, nikahamia kundi la mtaa wa pili. Na sponji la kujazia upande uliokatwa, lishonee mfuko ndani ya sidiria, la sivyo litakutoroka kwenye mchakamchaka.

MamaWaTandika: Zuhura umenichekesha hadi machozi 😂 Nimemsomea mama maneno ya fizio. Kamba kaipiga marufuku, jogging kakubali, kwa sharti twende wote anilinde. Ana miaka 68. BabaJezi, jezi za saizi yake zinapatikana?